Sauti Tano za Upepo na Mti wa Nyika ya Same

Kwinteti ya ala za upepo ni kikundi cha wapiga muziki watano. Mmoja ana filimbi ya Kizungu, wa pili obo, wa tatu klarineti, wa nne fagoti, na wa tano pembe ya shaba ambayo mrija wake umekunjwa mviringo. Hawana kiongozi wa kusimama mbele na kijiti, hawana ngoma ya kuwashikia mwendo, na hawatumii vipaza sauti. Kila mmoja ana karatasi yake ya nota, tofauti na za wenzake wanne, kwa hiyo anayekosea hana jirani wa kumficha. Huketi nusu duara wakitazamana. Anayeanzisha wimbo huvuta pumzi kwa mwendo ule ule anaotaka wimbo uende, na wenzake huingia kwa ishara hiyo. Msikilizaji aliyekaa safu ya mbele huisikia pumzi hiyo kabla ya sauti ya kwanza.

Muziki wa namna hii uliandikwa kwa ajili ya sebule pana na kumbi ndogo, mahali ambapo watu mia moja au mia mbili wanaweza kusikia kila sauti bila umeme. Duniani kote, vikundi vingi vya aina hii vimeundwa na walimu wa vyuo vikuu, na sababu yake imo katika namna idara za muziki zinavyoajiri. Mwalimu wa klarineti hawezi kufundisha fagoti kwa kiwango cha shahada, na wa obo hawezi kufundisha pembe. Idara yenye uwezo huajiri mtu mmoja kwa kila ala. Watano hao wakikutana kwenye chumba kimoja, kwinteti imeshapatikana bila kumtafuta mtu wa nje. Onyesho lao huwa pia somo: wanafunzi wanamwona mwalimu akifanya mbele ya watu yale anayowadai darasani.

Jambo hili ni la zamani kama kwinteti yenyewe. Aliyeipa umbo na heshima ni Anton Reicha, aliyezaliwa Prague mwaka 1770, mwaka mmoja na Beethoven, na wawili hao wakapiga pamoja katika okestra ya Bonn wakiwa vijana. Reicha alihamia Paris, na kati ya 1817 na 1820 kwinteti zake 24 zilichapishwa huko. Mwaka 1818 akawa mwalimu katika Conservatoire ya Paris, na baadhi ya waliopiga kazi hizo kwa mara ya kwanza walikuwa walimu wa chuo hicho hicho: Gustave Vogt kwenye obo na Louis-François Dauprat kwenye pembe. Kwa maneno mengine, kwinteti ilianza maisha yake mikononi mwa wahadhiri.

Mkazi wa Same, mkoani Kilimanjaro, anaweza kudhani kwamba mambo haya yako mbali naye. Hayako mbali. Ala mbili kati ya hizo tano, klarineti na obo, hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo wa biashara duniani hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Mti wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, ni wa nyika kavu kama ile inayozunguka Milima ya Upare. Anayetoka mjini Same kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, akiwa na milima nyuma yake, anaingia katika nchi ya migunga na miti ya miiba inayopukutisha majani kiangazi, na mpingo ni wa jamii hiyo ya miti. Huko juu, Chome na Mbaga, penye mvua na ukungu, mpingo haupapendi. Mlima Shengena, wenye urefu wa mita 2,462, una misitu ya aina nyingine kabisa.

Kwa macho, mpingo hauvutii. Mara nyingi una mashina kadhaa yaliyojipinda, una miiba, na urefu wake kwa kawaida hauzidi mita 15. Sehemu ya nje ya shina ina rangi ya majani makavu. Uzuri wake uko ndani, kwenye moyo wa mti, ambao ni mweusi wenye wekundu wa zambarau kwa mbali. Moyo huo ni mzito kiasi kwamba ukitupwa majini unazama: mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu huzidi kilo 1,200, wakati mita kama hiyo ya maji ni kilo 1,000. Mti huchukua miaka 70 hadi 100, na mara nyingine zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Mpingo unaokatwa leo uliota wakati babu za wazee wa sasa wakiwa hai.

Fundi wa klarineti huutaka mpingo kwa sababu tatu. Kwanza, nyuzi zake ni ndogo na zimeshikana, kwa hiyo tundu lililochongwa ndani hubaki laini na upepo haukwami. Pili, una mafuta ya asili yanayozuia unyevu wa pumzi usiingie haraka. Tatu, unaweza kukatwa kwa kipimo cha sehemu ndogo ya milimita bila kumeguka, jambo la lazima kwenye ala yenye matundu zaidi ya ishirini na vifuniko vyake vya chuma. Gogo likishapasuliwa nchini, hukatwa vipande vifupi vya mraba, kimoja kwa kila sehemu ya ala, na nta hupakwa kwenye ncha zake ili visipasuke. Vipande hivyo husafirishwa Ulaya na kwingineko, vikawekwa vikauke polepole kwa miaka, ndipo vichongwe. Hasara ni kubwa. Kwa kuwa mashina yamepinda na yana nyufa na mafundo, sehemu ndogo tu ya mti uliokatwa, kwa kawaida chini ya moja ya kumi, ndiyo hufika kwenye ala. Ndiyo maana kiwanda cha Buffet Crampon cha Ufaransa kilianza miaka ya 1990 kutengeneza klarineti za unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni na kugandishwa: unga ule ulikuwa ukitupwa.

Uvunaji mkubwa umefanyika kusini, Kilwa, Lindi na Ruvuma, kuliko Kilimanjaro. Kilwa ndiko vijiji vilikopata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko huko, na tangu hapo mbao zao zikaweza kuuzwa kama mazao ya msitu unaotunzwa na wanakijiji wenyewe. Kaskazini nako kuna historia yake. Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Moshi aliyefariki mwaka 2014, alishirikiana tangu katikati ya miaka ya 1990 na wafadhili wa Marekani katika mradi wa kuotesha miche ya mpingo na kuigawa kwa shule na vikundi vya wananchi. Kazi yake ilimpatia mwaka 2002 tuzo ya Rolex ya ngazi ya washirika. Chuwa alijua vema kwamba hatavuna miti hiyo, wala watoto wa shule walioipanda hawataivuna. Ni kazi inayostahili kutajwa kila mara klarineti inapotajwa.

Mwaka 2017 miti karibu yote ya jenasi ya Dalbergia iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Watengenezaji na wauzaji wa ala walijikuta wakihitaji vibali ili kuvusha klarineti mipakani kibiashara. Mwaka 2019 nchi wanachama zilikubaliana kuziondoa ala zilizokamilika katika masharti hayo, kwa hoja kwamba ala moja hutumia mti kidogo na hudumu miongo mingi. Magogo na mbao bado vinadhibitiwa.

Ala tatu zilizobaki, filimbi, fagoti na pembe, zina asili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa kwinteti ladha yake na ugumu wake. Filimbi ya Kizungu, ijapokuwa huhesabiwa miongoni mwa ala za mbao, leo hutengenezwa kwa fedha au madini mengine. Aliyefanya mageuzi hayo ni Theobald Boehm wa Munich, aliyebuni mwaka 1847 filimbi ya chuma yenye mrija wa upana mmoja na vifuniko vinavyoshughulikiwa kwa vidole. Fagoti huchongwa kwa mti wa mepo wa nchi za baridi, ambao ni mwepesi, na ingekuwa ya mpingo mpigaji angepata taabu kuibeba: mrija wake uliokunjwa una urefu wa karibu mita mbili na nusu. Pembe ni shaba tupu, na mrija wake ukinyooshwa hufikia mita tatu na nusu na zaidi.

Sauti hupatikana kwa njia nne tofauti. Mpiga filimbi huukata upepo kwenye ukingo wa tundu, kama mtoto anavyopuliza mdomo wa chupa. Klarineti ina ulimi mmoja wa tete uliofungwa kwenye kipande cha mdomoni, nao hutetemeka. Obo na fagoti zina ndimi mbili zilizofungwa pamoja, na upepo hupita katikati yake. Kwenye pembe hakuna ulimi. Kinachotetemeka ni midomo ya mpigaji, sawa na kwenye tarumbeta.

Ulimi wa obo unastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kipande cha tete kilichokunjwa kati, kikafungwa kwa uzi kwenye kijirija cha chuma chenye gamba la koki, kisha ncha yake ikakatwa na kuparwa kwa kisu hadi mwanga upenye. Mwanya kati ya ndimi mbili ni mwembamba sana. Mpiga obo huulowesha kwa maji kwenye kikopo kidogo kabla ya kupiga, huupima kwa kuupuliza peke yake, na akisikia unalia kwa ukali hutoa kisu na kuupara tena kidogo. Wapigaji wengi wa daraja la juu hutengeneza ndimi zao wenyewe, na hutumia saa nyingi kwenye meza ya kisu kama wanazotumia kwenye nota. Tete linalopendwa zaidi hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa. Kwa kuwa mwanya ni mwembamba, upepo hutoka kidogo mno, na mpiga obo huishia na pumzi chafu iliyobaki kifuani. Hutakiwa aitoe kwanza ndipo avute nyingine.

Watu wa Pwani wana jamaa wa obo tangu karne nyingi. Zumari, inayopigwa Lamu, Mombasa na kwa Wamijikenda, ina ndimi mbili vilevile, nayo ni ya ukoo ule ule wa ala zilizotoka Uajemi na Uarabuni na kuenea mashariki na magharibi hadi kuzaa obo ya Ufaransa katika karne ya 17. Tofauti kubwa iko mdomoni. Mpiga zumari wa kimila huzitia ndimi zote ndani ya kinywa, akajaza mashavu na kuvuta pumzi kwa pua bila kukata sauti. Mpiga obo huzibana kwa midomo ili azitawale. Pembe nayo ina ndugu wa heshima Pwani: siwa ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, alama za utawala zinazohifadhiwa katika makumbusho. Buganda kulikuwa na amakondere, seti ya tarumbeta za vibuyu za ikulu, ambamo kila mpigaji ana sauti yake moja au mbili na wimbo hukamilika kwa kupokezana. Katika Afrika Mashariki, watu kadhaa kupuliza pamoja, kila mmoja na sehemu yake, si jambo geni hata kidogo.

Ugumu wa kwinteti unatokana na ukweli kwamba sauti zake hazifanani. Fidla mbili, viola na selo ni za familia moja na huchanganyika zenyewe. Filimbi na fagoti hazichanganyiki mpaka wapigaji wazilazimishe. Obo hutoboa, pembe huweza kuwafunika wote, filimbi ikishuka chini hupotea. Kwa hiyo mazoezi mengi huwa ni ya kupimana: nani ashushe sauti, nani aanze mapema kidogo kwa kuwa ala yake huchelewa kuitika, nani apumue wapi ili wote wasikate pumzi mahali pamoja. Pembe, iliyo ya shaba katikati ya mbao, ndiyo gundi. Sauti yake ya kati huziba pengo lililoko kati ya fagoti chini na zile tatu za juu. Reicha alilijua hilo, ingawa pembe ya wakati wake haikuwa na vali, na Dauprat alipata sauti zilizokosekana kwa kuingiza mkono kwenye mdomo mpana wa pembe, unakotokea upepo.

Kazi za kupigwa si nyingi kama za fidla, lakini zinatosha kwa maisha ya kikundi. Baada ya Reicha, Franz Danzi wa Ujerumani aliandika tisa, nyepesi na zenye nyimbo nzuri, na bado hufungua maonyesho mengi. Kisha karibu karne nzima ikapita bila mengi. Mfaransa Paul Taffanel, mpiga filimbi, aliandika moja mwaka 1876, na mwaka 1879 akaanzisha chama cha muziki wa vikundi vidogo vya upepo ili kuurudishia heshima. Karne ya 20 ilikuwa na neema zaidi: Paul Hindemith mwaka 1922, Jacques Ibert mwaka 1930, György Ligeti mwaka 1953, Samuel Barber katikati ya miaka ya 1950.

Kazi inayofaa kuliko zote kwa masikio ya Upare ni ile ya Carl Nielsen wa Denmark, ya mwaka 1922. Nielsen aliiandika kwa wapigaji watano wa Copenhagen aliowafahamu kwa tabia zao, akampa kila mmoja sehemu inayomfaa. Sehemu ya mwisho ni wimbo wa kanisa ambao Nielsen mwenyewe aliutunga kwa ajili ya kanisa la Kilutheri la nchi yake. Watano huupiga kwanza wima na kwa utulivu kama kwaya inayoimba kitabuni. Kisha unageuzwa mara 11: mara fagoti na klarineti zinabishana, mara fagoti iko peke yake, mara pembe iko peke yake bila mtu yeyote chini yake. Mwishoni wimbo unarudi mzima, wenye nguvu kuliko mwanzo. Mtu aliyelelewa na kitabu cha nyimbo atautambua mpango huo mara moja, bila kuelezwa.

Na Upare imelelewa na kitabu cha nyimbo. Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Machame mwaka 1893, walifika Upare miaka michache baadaye. Mmoja wao, Jakob Janson Dannholz, alikaa Mbaga kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuandika kitabu kuhusu imani na desturi za Wapare. Waadventista walifungua mwaka 1903 kituo chao cha kwanza Tanganyika huko Giti, Mamba. Wajerumani walipofukuzwa baada ya vita, sharika zilibaki mikononi mwa walimu wazawa, na nyimbo zikaendelea kuimbwa kwa sauti nne bila kinanda. Leo Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina makao yake makuu Same mjini, na mji huo huo ni makao ya Jimbo Katoliki la Same. Waumini wa KKKT hushika Mwimbieni Bwana, Waadventista hushika Nyimbo za Kristo, na kwaya za pande zote hugawanywa soprano, alto, tenor na besi. Kijana wa miaka 15 aliyekaa upande wa alto kwa miaka mitatu tayari anajua kushika sauti yake huku jirani akiimba tofauti. Hilo ndilo somo la kwanza na gumu kuliko yote la kwinteti.

Yako pia matarumbeta. Kwaya za matarumbeta za KKKT katika Kilimanjaro, Upare na Usambara ni watoto wa mila ya Kijerumani iliyoanza Westphalia katika miaka ya 1840 na kustawi Bethel chini ya mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefariki mwaka 1941. Misheni ya Bethel ilifanya kazi Usambara, mlango wa pili wa Upare. Kuhlo alisimamia jambo moja ambalo lina athari hadi leo: wapiga shaba wasome nota zile zile za kitabu cha waimbaji, kwa sauti halisi zilivyoandikwa, bila kuzihamisha kama zinavyohamishwa katika bendi za jeshi. Kwa njia hiyo mpigaji anaweza kusimama kando ya kwaya na kufungua ukurasa mmoja nayo.

Utaratibu huo unarahisisha ibada, lakini unamletea taabu kijana anayetaka kuhamia kwenye kwinteti. Nota ya klarineti na ya pembe huandikwa kwa kuhamishwa. Mpiga klarineti ya kawaida akisoma do, sauti inayotoka ni si bemoli. Mpiga pembe akisoma do, inatoka fa ya chini yake. Aliyezoea kusoma sauti halisi atapiga nota za jirani kwa wiki kadhaa za kwanza. Midomo yake, kwa upande mwingine, iko tayari: aliyepuliza tarumbeta usharikani anahitaji zaidi kuzoea kipande cha mdomoni chenye umbo tofauti na mkono wa kulia ndani ya mdomo mpana wa pembe.

Walimu wa kuwaendeleza vijana kama hao hawako mbali sana. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kiko Usa River, kwenye barabara ile ile ipitayo Same, Mwanga na Moshi kuelekea Arusha, nacho hutoa shahada ya muziki inayochanganya ala za Kiafrika na za Ulaya. Mila ya muziki chuoni hapo ni ya zamani, kwani ndiko alikofundisha Howard Olson, Mmarekani aliyekusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika katika Tumshangilie Mungu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za muziki na maigizo tangu miaka ya 1970. Nairobi ina Conservatoire ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1944, okestra ya tangu 1947, na mradi wa Ghetto Classics ulioanza Korogocho mwaka 2008, ambao umewatia vijana wa mtaa wa mabanda mikononi klarineti, filimbi na shaba. Korogocho inatoa ushahidi mzuri kuliko hoja yoyote: vijana wale hawakuwa na kitu walipoanza, na leo wengine wao ni walimu.

Kinachokosekana Afrika Mashariki ni obo na fagoti, pamoja na walimu wa kuzifundisha. Hizi ndizo ala ghali kuliko nyingine katika kikundi, na bendi za polisi na za majeshi, ambazo kwa miongo mingi zimekuwa shule kuu za wapiga upepo, huzitumia kwa nadra. Ndiyo sababu vikundi vingi vya ukanda huu huishia kwenye filimbi, klarineti na saksofoni. Pengo hilo linaweza kupunguzwa kwa kuandika nota upya: sehemu ya fagoti ikapigwa na saksofoni baritoni au trombone, ya obo ikapigwa na klarineti ya pili. Wako watakaosema hiyo si kwinteti tena. Ni bora kwinteti ya kuazima inayopigwa Same kuliko ile halali isiyosikika kamwe.

Hali ya hewa ya Same ina madai yake pia. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 800, katika kivuli cha mvua cha milima, na miezi ya kiangazi hewa yake ni kavu. Mpingo, pamoja na ugumu wake, hupasuka pumzi yenye unyevu inapoingia ghafla kwenye mti uliokauka, hasa ala ikiwa mpya. Mpigaji mwangalifu huipasha ala moto kwa mikono kabla ya kupuliza, huifuta ndani kwa kitambaa kila baada ya wimbo, na huweka kipande cha sifongo chenye unyevu ndani ya kasha lake. Joto nalo hupandisha sauti. Sauti husafiri kwa kasi ya mita 343 kwa sekunde hewani penye nyuzi joto 20, na karibu mita 350 penye nyuzi 32. Kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo nota inavyopanda. Filimbi na pembe zinaweza kuvutwa kidogo ili mrija urefuke. Obo haina nafasi hiyo kubwa, na ndiyo maana wenzake humfuata mpiga obo katika kulinganisha sauti. Jioni ya Mbaga au Chome, penye baridi, kazi huwa ya kinyume: kila kitu kinashuka, vidole vinaganda, na ndimi za tete hubadilika tabia kwa mwinuko.

Kwa upande wa mahali, milima imejaliwa. Makanisa mengi ya zamani ya Upare yana kuta nene za mawe na paa la juu, na sauti isiyo na kipaza hujaa humo bila taabu. Ukumbi wenye dari ya mabati tupu haufai, hasa mvua ikinyesha. Viti vitano visivyo na mikono, stendi tano za nota, na taa inayofika kwenye karatasi vinatosha. Onyesho kamili linaweza kufunguliwa na Danzi, likaweka katikati Umoja ya Valerie Coleman, Mmarekani mweusi aliyeanzisha kikundi cha Imani Winds mjini New York mwaka 1997, na kumalizika na Nielsen. Toleo la okestra la Umoja lilipigwa na okestra ya Philadelphia mwaka 2019, likiwa la kwanza katika historia ya okestra hiyo la mtunzi mwanamke Mmarekani mweusi aliye hai. Kwa kwinteti, huchukua dakika chache tu: pembe huutoa wimbo, wengine wanaupokea kwa zamu, na mahali pake katikati ya programu huwapa wasikilizaji nafasi ya kupumzika kabla ya kazi ndefu.

Shule au usharika unaotaka kuanza hauhitaji kusubiri mpingo. Klarineti za plastiki ngumu hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya zile za mbao, hazipasuki kwa ukame, na zinafaa kwa miaka mitatu au minne ya kwanza. Filimbi za shule ni za chuma na hustahimili mikono ya watoto. Watoto wawili wa klarineti, mmoja wa filimbi na wapiga shaba wawili kutoka kwaya ya matarumbeta wanaweza kupiga wimbo wowote wa sauti nne wa Mwimbieni Bwana: filimbi ishike soprano, klarineti ya kwanza alto, pembe au tarumbeta ya chini tenor, trombone besi, na klarineti ya pili iandikiwe sauti ya tano inayocheza juu ya nyingine. Kuiandika sauti hiyo ya tano ni kazi ya mwalimu wa kwaya, na wengi wa walimu wa kwaya wa Upare wanaiweza tayari.